Dar hadi Mwanza kwa ndege: kilomita ni zilezile, mbona dakika hazilingani?

Swali la msomaji wa Tegeta, Dar es Salaam:

"Shikamoo mtaalamu. Nina kikao Mwanza saa nne asubuhi, na jioni yake natakiwa niwe nimerudi Dar. Nimetafuta mtandaoni umbali kati ya uwanja wa ndege wa Dar na wa Mwanza pamoja na muda wa safari, nimeishia kuchanganyikiwa. Ukurasa mmoja unasema kilomita 851, saa 1 na dakika 3. Mwingine unasema maili 529, saa 1 na dakika 33. Wa tatu unasema maili 460. Tiketi yangu, ambayo bado sijailipia, imeandikwa saa 1 na dakika 30 kwenda, saa 1 na dakika 35 kurudi. Kaka yangu alikwenda mwezi uliopita na pangaboi, yaani ndege ya mapanga, anasema alikaa karibu saa 2, na ananiambia kurudi Dar lazima iwe haraka kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki. Nimwamini nani? Na nikae dirisha la upande gani?"

Marahaba, dada. Nianze na kilomita, maana hizo hazina ugomvi. Kurasa zako zote tatu zimesema kitu kimoja kwa vipimo vitatu. Kilomita 851 ni maili 529 za nchi kavu, zile za barabara za Uingereza na Marekani zenye mita 1,609 kila moja. Na ni maili 460 za baharini, zenye mita 1,852 kila moja, ambazo ndizo marubani na waongoza ndege wanazotumia. Mwandishi akishaandika "maili" bila kusema zipi, msomaji anabaki akidhani kuna kilomita zaidi ya mia moja zimepotea njiani.

Unaweza hata kuupata umbali huo mwenyewe, kwa kalamu na kikokotoo cha simu. Maili ya baharini ni takriban urefu wa dakika moja ya latitudo, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Uwanja wa Julius Nyerere wa Dar (JNIA) uko digrii 6 na dakika 53 kusini, digrii 39 na dakika 12 mashariki. Uwanja wa Mwanza uko digrii 2 na dakika 27 kusini, digrii 32 na dakika 56 mashariki. Tofauti ya latitudo ni digrii 4 na dakika 26, ambazo ni dakika 266, basi Mwanza iko maili 266 za baharini kaskazini ya Dar. Tofauti ya longitudo ni digrii 6 na dakika 16, yaani dakika 376. Hizi unazipunguza kidogo kwa sababu mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyoiacha ikweta. Zinabaki 375 kuelekea magharibi. Hapo umepata ile pembetatu ya kidato cha pili: 266 mara yenyewe, jumlisha 375 mara yenyewe, tafuta kipeuo cha pili. Jibu linakuja 460 kasoro kidogo, na ukizidisha kwa 1.852 unapata kilomita 851 na ushee. Kwa safari ya kutoka Dar hadi London hesabu hii rahisi ingekupotosha, huko lazima ufuate mviringo wa dunia. Kwetu hapa, karibu na ikweta na kwa safari fupi, inakubali.

Kwa hiyo ukikuta ukurasa unasema 850 na mwingine 853, usipoteze muda. Mmoja kaichukulia dunia kuwa duara kamili, mwingine kazingatia kwamba imebonyea kidogo kwenye ncha. Wengine wanapima kutoka katikati ya mji badala ya uwanjani. Barabara ni habari nyingine kabisa: kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga ni zaidi ya kilomita 1,100, na reli ya SGR ya Dar hadi Mwanza imepimwa kuwa kilomita 1,219. Ndege inaokoa kama robo ya njia au zaidi kwa sababu haizunguki kufuata miji.

Sasa dakika, na hapa ndipo penye maneno.

Saa 1 na dakika 3 imetoka wapi? Chukua maili 529, gawanya kwa 500. Basi, imeisha. Namba yenyewe inajieleza: mtu kaamua ndege ya abiria inakwenda maili 500 kwa saa, sawa na kilomita 805, kisha kaachia kompyuta igawanye. Ukurasa wa pili umefanya hesabu hiyohiyo, ukaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Saa 1 na dakika 3, weka 30 juu yake, ndiyo 33 yako. Hakuna aliyefungua ratiba ya shirika lolote, hakuna aliyeuliza ni ndege ya aina gani. Mimi sizichukii kurasa hizi, kwa umbali zinasaidia, lakini namba iliyoandikwa hadi dakika ya mwisho humfanya msomaji adhani kuna mtu alisimama na saa mkononi.

Tiketi yako ndiyo inayosema jambo la maana, ila soma vizuri inapima nini. Ule muda wa saa 1 na dakika 30 hauanzi magurudumu yakiacha lami wala hauishii yakigusa lami. Unaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho Dar, unaishia inaposimama kwenye maegesho Mwanza. Kutembea ardhini kumo ndani yake, foleni ya kuruka imo ndani yake, na dakika chache za akiba ambazo shirika limejiwekea zimo pia.

Tuipande hiyo ndege. Tuseme ni Airbus A220-300 ya Air Tanzania. Mlango umefungwa, ndege inatembea taratibu hadi mwanzo wa barabara ya kurukia. Weka dakika 8 hadi 10 kwa hilo, zaidi kukiwa na foleni. Barabara kuu ya JNIA ina urefu wa kilomita 3 na imelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Mwanza iko kaskazini-magharibi. Maana yake upande wowote mtakaorukia, pua ya ndege haitazami unakokwenda. Ndege hupenda kuruka ikiukabili upepo, kwa hiyo msimu wa kaskazi kwa kawaida mtapaa kuelekea kaskazini-mashariki, upande wa baharini, kisha mpinde kushoto zaidi ya robo duara ndipo muushike mwelekeo wa Mwanza. Kusi ikishika, mara nyingi mnaruka kuelekea kusini-magharibi, upande wa Pugu, kisha mnapinda kulia. Hizo kilomita za kupinda hazimo kwenye zile 851.

Halafu mnapanda. Chini ya futi 10,000 kwa kawaida kasi inabanwa isizidi kama kilomita 460 kwa saa, na juu ya hapo ndege inaongeza polepole huku inapanda. Kufika futi 36,000, karibu kilomita 11 juu, inachukua dakika 20 hivi, na kwa muda huo mmeshakula kilomita 200 za safari. Kushuka nako kuna kanuni ambayo marubani wanaihesabu kichwani: kila futi 1,000 za kushuka zinataka maili 3 za baharini za kwenda mbele. Uwanja wa Mwanza wenyewe uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, kama futi 3,800, wakati JNIA iko mita 55 tu. Kutoka futi 36,000 hadi hapo ni futi 32,000 na kitu. Mara 3, ongeza kidogo ya kupunguza kasi, unapata maili 100, yaani kilomita 185. Rubani anaanza kushuka akiwa bado kilomita 185 kabla ya Mwanza, na hapo wahudumu ndiyo kwanza wanakusanya vikombe.

Toa sasa. Kilomita 851, ondoa 200 za kupanda, ondoa 185 za kushuka. Zinabaki kama 465. Kasi ya A220 ikiwa imetulia juu ni karibu kilomita 830 kwa saa, kwa hiyo kile kipande ambacho ndege inakwenda kwa kasi yake kamili ni dakika 34 tu. Dakika 34, ndani ya safari ya saa 1 na nusu! Ndiyo maana kugawanya umbali kwa kasi ya ndege kunatoa jibu la ajabu kwenye njia fupi. Kwa safari ya saa 9 kupanda na kushuka ni kipande kidogo, mgawanyo wako utakuwa karibu na ukweli. Kwa Dar na Mwanza, au Dar na Nairobi ambayo ni fupi zaidi, kilomita 670 hivi, miisho miwili ya safari ndiyo inayoamua.

Jumlisha basi: ardhini Dar dakika 9, kupanda 20, kutulia juu 34, kushuka na kutua 22, kutembea hadi maegesho Mwanza 4 au 5. Umefika kwenye dakika 90. Shirika lako halikukudanganya.

Njia yenyewe nayo haijanyooka kama uzi. Angani kuna njia zilizochorwa, zenye vituo vya kupitia, na waongoza ndege wanaweza kukukatizia kona wakiona anga ni jeupe au kukuzungusha wakiona kuna ndege nyingine mbele. Kwa safari kama hii umbali unaorukwa kweli huzidi ule wa ramani kwa asilimia chache. Kimo nacho hakichaguliwi hovyo: wanaoelekea magharibi hupewa maelfu yanayogawanyika kwa mbili, wanaoelekea mashariki hupewa yasiyogawanyika. Ukimsikia rubani akitangaza futi 36,000 wakati wa kwenda, jioni utamsikia akisema 35,000 au 37,000. Si kwamba kabadilisha mawazo, ndivyo tunavyozuia ndege mbili zisikutane uso kwa uso.

Kwenye njia ndefu tofauti kati ya ramani na anga inakuwa kubwa zaidi, na wakati mwingine haina uhusiano wowote na mambo ya ndege. Nairobi hadi London ukurasa utakupa kama kilomita 6,840. Lakini tangu vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, ndege za abiria zinaikwepa anga ya nchi hiyo, na ukiangalia ramani utaona Sudan imekaa hasa kwenye njia hiyo. Zile kilomita za ukurasani zimebaki vilevile, ndege ndiyo inayozunguka. Wewe wa Mwanza shukuru kwamba safari yako yote iko juu ya nchi moja.

Ila una ziwa. Na hili nalitilia mkazo kwa sababu safari yako ni ya alfajiri. Usiku nchi kavu inapoa haraka, maji ya Ziwa Victoria yanabaki na joto lake. Upepo unatoka nchi kavu pande zote kuingia ziwani, unakutana katikati, hewa yenye unyevu inapanda, na kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi radi zinatawala juu ya maji. Mchana mambo yanageuka, mawingu makubwa yanahamia nchi kavu kuzunguka ziwa. Sasa tazama uwanja wa Mwanza ulivyokaa: uko ukingoni kabisa mwa ziwa, na barabara yake ya kurukia imelala kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi. Ninyi mnatoka Dar, mnakuja kutoka kusini-mashariki. Upepo ukitoka ziwani, kama inavyokuwa mara nyingi mchana, ndege inaingia moja kwa moja na kutua, haina haja ya kuzunguka. Upepo ukitoka nchi kavu, kama asubuhi nyingi, inabidi mpite uwanja, mwende juu ya maji, mgeuke na mrudi mtue mkitazama kusini-mashariki. Hapo ongeza dakika 5 hadi 8. Kukiwa na wingu la radi limekaa palepale mnapotaka kugeukia, rubani atalizunguka au atasubiri, ongeza nyingine 10. Ndege ileile, kilomita zilezile.

Tuje kwa kaka yako. Kwenye dakika hakukosea hata kidogo. Pangaboi za njia hii ni za aina mbili na watu wanazichanganya. Kuna Dash 8-400, ile ambayo wengi wanaiita Bombardier, ambayo Air Tanzania ilianza kuzipokea 2016. Ikitulia juu inakwenda kama kilomita 660 kwa saa. Halafu kuna ATR, za Precision Air, zinazokwenda kama 500. Zote mbili kwa kawaida hazipandi zaidi ya futi 25,000. Kwa Dash 8 hesabu saa 1 na dakika 40 maegesho hadi maegesho. Kwa ATR hesabu saa 2 kamili au pungufu kidogo. Kaka yako nadhani alipanda ATR.

Angalia jambo moja la kufurahisha hapo. Ikiwa juu, ile Airbus ina kasi kuliko ATR kwa zaidi ya nusu, 830 dhidi ya 500. Lakini mwisho wa safari imemwacha mwenzake kwa dakika 30 tu kati ya 120. Sababu ni ileile: mwenye kasi hapati nafasi ya kuitumia. Anapanda juu sana, anatulia nusu saa, anaanza kushuka. Mwenye mapanga anapanda kidogo, anatulia mapema, anachelewa kushuka. Ndiyo maana mashirika hayaoni aibu kutumia pangaboi kwa safari za ndani: zinakunywa mafuta kidogo, zinatua kwenye viwanja vifupi, na abiria anapoteza muda usiozidi kipindi kimoja cha darasani. Anayekuambia pangaboi ni ndege ya zamani au ya hatari kuliko nyingine kwa sababu tu mapanga yanaonekana, mwache aendelee na basi.

Kuhusu dunia kuzunguka, hapo kaka kapotea. Dunia inazunguka kweli kuelekea mashariki, na hapa kwetu uso wake unakwenda zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Lakini hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa. Kama dunia ingekuwa inaiacha ndege nyuma, basi ukipaa tu Dar, Mwanza ingekuja yenyewe kukupokea kwa kasi hiyo ya kilomita 1,600, na ungefika kabla ya mkanda kulegezwa. Halafu hata hivyo faida ingekuwa ya anayekwenda magharibi, si ya anayerudi mashariki.

Kinachobadilisha muda ni upepo. Najua pengine kaka kasikia kwamba ndege zinazoelekea mashariki huwahi, na kwa nchi za mbali na ikweta ni kweli. Huko juu kuna mkondo wa upepo mkali sana unaotoka magharibi. Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja Nairobi hadi New York Oktoba 2018, kwa njia ya karibu kilomita 11,850, ratiba ilikuwa saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Saa nzima imetokana na upepo. Ila mkondo ule hauji huku kwetu. Juu ya Tanzania upepo mara nyingi hutoka mashariki na kwa kawaida si mkali, kwa hiyo anayesaidiwa ni yule anayekwenda Mwanza, na kidogo tu: dakika 1 au 2. Zile dakika 5 ambazo tiketi yako imeongeza kwa kurudi zina upepo kiasi, lakini sehemu kubwa ni Dar yenyewe. Jioni uwanja wa JNIA una ndege nyingi zinazotaka kutua kwa pamoja, na mpanga ratiba analijua hilo.

Kabla ya kulipa, hakikisha jambo moja ambalo kurasa za umbali haziwezi kukuambia: je, ndege yako inatua popote njiani? Safari nyingine za Dar na Mwanza hupitia uwanja wa Kilimanjaro (KIA), na namba ya safari inabaki ileile hadi mwisho. Ukipima, Dar hadi KIA ni kama kilomita 450, KIA hadi Mwanza kama 470. Jumla 920. Ni kilomita 70 tu zaidi ya njia iliyonyooka, na mtu akiangalia ramani atasema si kitu. Lakini unashuka, unasubiri abiria watoke na wengine waingie, unapanda tena, na safari ya saa 1 na nusu inakaribia saa 3. Kwa kikao cha saa nne, hiyo ndiyo tofauti ya kuwahi na kuchelewa. Kwenye tiketi itafute sehemu inayotaja idadi ya vituo. Isipotajwa, tazama muda wa kuondoka na wa kufika. Ukizidi saa 2 kwa ndege ya jeti, kuna mahali mnatua.

Sasa tupange siku yako, tukianzia mwisho. Kikao saa nne. Uwanja wa Mwanza uko kama kilomita 10 kaskazini mwa mji, weka dakika 40 kwa teksi na magari ya asubuhi. Ukiwa na begi la mkononi tu, kutoka kwenye ndege hadi nje ni dakika 15. Ukiwa na mzigo uliopakiwa chini, ongeza nyingine 20. Kwa hiyo ndege ikisimama saa mbili na nusu, utafika bila kukimbia. Lakini usikate tiketi ya kufika saa mbili na nusu. Kata inayofika saa moja na nusu, yaani inayoondoka saa kumi na mbili kamili au karibu na hapo. Utakuwa na saa nzima ya kumgawia yule mwongoza ndege, lile wingu la ziwani na foleni ya kuruka.

Ndege ya kwanza ya siku ina faida nyingine: imelala Dar. Ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku, Mwanza, inarudi, Mbeya, inarudi, Dodoma, na kuendelea. Ikichelewa dakika 20 asubuhi, dakika hizo zinabebwa na kila abiria wa baada ya hapo, na kila kituo kinaongeza zake. Jioni ndipo zinapoonekana kwa ukubwa wake. Kwa hiyo kwa kwenda nakutia moyo, kwa kurudi nakutahadharisha. Kama ndege yako ya jioni ndiyo ya mwisho kwa siku, weka mswaki na nguo ya kubadilisha kwenye begi. Na kama kikao chako kinaweza kwisha saa nane, kata ndege ya alasiri, usingoje ya usiku.

Tegeta hadi uwanjani alfajiri barabara ni nyepesi, saa 1 inatosha. Ukitaka kuwa kaunta saa kumi alfajiri, toka nyumbani saa tisa usiku. Kaunta hufungwa mapema kabla ya ndege kuondoka, dakika kamili zimeandikwa kwenye tiketi, na wakishafunga wamefunga, hata kama ndege unaiona kwa macho pale nje. Angalia pia tiketi imeandika jengo lipi la abiria. JNIA ina zaidi ya moja, na kutoka moja kwenda jingine kwa miguu na begi usiku si mchezo. Ukihesabu tangu ufunge mlango wa nyumba hadi teksi ikushushe penye kikao, ni zaidi ya saa 5, na kati ya hizo ni saa 1 na robo tu utakazokuwa angani. Mtu akikuuliza Mwanza ni mbali kiasi gani kwa ndege, hilo ndilo jibu la kumpa.

Dirisha: kaa kushoto wakati wa kwenda. Jua la asubuhi litakuwa nyuma yenu upande wa kulia, kwa hiyo kushoto hutafunga pazia. Mstari wa Dar hadi Mwanza unapita kaskazini mwa Kondoa, halafu kaskazini kidogo ya Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, umesimama peke yake kwenye uwanda wa Manyara. Kukiwa hakuna mawingu utauona kushoto kama dakika 40 hivi baada ya kupaa kwa jeti. Kilimanjaro iko kulia, lakini hata pale mnapoikaribia zaidi ni karibu kilomita 230, usiitegemee. Kwenye A220 upande wa kushoto una viti viwili kwa safu na kulia vitatu, kwa hiyo kushoto pia hutakuwa na watu wawili wa kuwaruka ukitaka kwenda msalani. Ukijikuta umepangiwa Dash 8 au ATR, mabawa yako juu ya madirisha na unaona chini vizuri, mradi usikae safu za kati. Pale utatazama injini. Omba safu za nyuma. Kwa kurudi jioni geuza yote: kaa kulia kama unataka Hanang, ila ujue jua linalozama litakuwa upande huohuo, kwa nyuma.